Ulimi wa Kuazima: Uigizaji wa Noble Johnson katika Sinema ya Marekani, 1915–1950

Katika uhakiki wa tamthilia na masimulizi, swali la kwanza linaloulizwa juu ya mhusika yeyote ni hili: anasema nini? Swali la pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni kuwa maneno hayo anayoyasema ni ya nani. Mhusika wa kitabuni hana budi kusema alichoandikiwa, wala hakuna amlaumuye kwa hilo, kwani hana damu wala watoto wa kulisha. Mwigizaji ni kiumbe kingine. Yeye ni mtu hai ambaye huukodisha mwili wake, uso wake na ulimi wake kwa watu wengine, akalipwa ujira, kisha akarudi nyumbani akiwa bado ni yeye. Kwa hiyo uhakiki wa kazi ya mwigizaji hauwezi kuishia kwenye fani, yaani namna anavyotembea, anavyotazama na anavyonyamaza. Hauna budi kuuliza pia ni nani aliyekimiliki kinywa chake alipokuwa akiigiza.

Swali hili linadhihirika wazi zaidi katika maisha ya kisanaa ya Noble Johnson (1881–1978), Mmarekani Mweusi aliyeonekana katika filamu zaidi ya 100 kuanzia mwaka 1915 hadi 1950. Ni rahisi kumhukumu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumwona kibaraka, mtu aliyekubali kuvishwa manyoya na mifupa ili watazamaji wa Kizungu wapate kuogopa na kucheka. Njia ya pili ni kumsifu kuwa bingwa wa kujigeuza, ambaye leo alikuwa Mhindi, kesho Mmisri, keshokutwa Mrusi, na katika kila sura akasadikika. Makala haya yanadai kwamba hukumu zote mbili zinautazama uso na kuusahau ulimi. Noble Johnson aliruhusiwa kuchukua mwili wa karibu kila taifa duniani kwa sharti kwamba asiwe na lugha ya taifa lolote. Palikuwa na miaka miwili tu, 1916 hadi 1918, ambapo alijaribu kuishi nje ya sharti hilo, na ni katika miaka hiyo ndipo unapopatikana ufunguo wa kazi yake yote.

Mwanzo wa kazi

Johnson alizaliwa Marshall, katika jimbo la Missouri, mwaka 1881, na akakulia Colorado Springs. Baba yake alikuwa mfunzaji wa farasi, na kijana mwenyewe aliacha shule mapema akaifuata kazi hiyo ya mifugo na tandiko. Shuleni alisoma pamoja na Lon Chaney, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa ufundi wa kuugeuza uso wake. Urafiki huo wa utotoni unafaa kukumbukwa, kwa sababu unaleta mlinganisho ambao hauhitaji kubuniwa na mhakiki. Vijana wawili wa mji mmoja walikuwa na kipaji cha aina moja. Mmoja alipougeuza uso wake, jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa kwenye mabango, na kugeuka kwenyewe kukawa ndiko kunakowavuta watazamaji. Mwingine alipougeuza wake, mara nyingi jina lake halikuandikwa kabisa, na mtazamaji hakutakiwa kujua kwamba kuna mtu aliyegeuka.

Aliingia katika sinema kwa bahati. Mwaka 1914 kampuni ya Lubin ilikuwa Colorado ikipiga filamu, na mwigizaji mmoja akaumia. Johnson, mtu wa futi 6 na zaidi, mwenye kifua kipana na aliyemzoea farasi kama anavyoizoea nyumba yake, alichukuliwa kujaza pengo hilo. Sehemu aliyopewa ilikuwa ya mmoja wa wale ambao sinema iliwaita Wahindi Wekundu. Tokea siku ya kwanza, basi, aliingia kazini kwa kuazimwa asili isiyo yake. Rangi ya ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, na filamu za wakati huo, ambazo hazikuwa na rangi ila nyeusi na nyeupe, zilimwezesha mpiga picha kumsogeza upande wowote autakao kwa taa na vipodozi. Waajiri wake waliliona jambo hilo upesi sana.

Inafaa pia kukumbuka hali ya sinema mwaka 1915. Huo ndio mwaka ilipoonyeshwa The Birth of a Nation ya D. W. Griffith, filamu iliyolisifu kundi la Ku Klux Klan na ambayo ndani yake wahusika Weusi wenye uzito waliigizwa na Wazungu waliojipaka masizi. Maana yake ni kwamba katika filamu iliyotazamwa kuliko nyingi za wakati wake, Mtu Mweusi alizungumziwa na kutukanwa huku hata nafasi ya kulibeba tusi hilo kwa mwili wake mwenyewe amenyimwa.

Kampuni ya Lincoln

Mwaka 1916 Johnson na wenzake walianzisha kampuni ya Lincoln Motion Picture, ambayo makao yake ya kazi yalikuwa Los Angeles. Yeye mwenyewe alikuwa rais wake. Mwigizaji Clarence Brooks alikuwa katibu, Dakta James T. Smith akawa mweka hazina, na Harry Gant, Mzungu, akawa mpiga picha. Nduguye Noble, George P. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi ya posta huko Omaha, Nebraska, alijiunga nao na kushughulikia usambazaji wa filamu katika majumba yaliyohudumia Weusi. Hii ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa za sinema zilizomilikiwa na Wamarekani Weusi, na ilitangulia kazi ya Oscar Micheaux, ambaye jina lake limeishi zaidi. Kwa kweli Micheaux mwenyewe aliingia katika sinema baada ya kushindwa kuelewana na kampuni hiyo mwaka 1918 juu ya kuitengeneza riwaya yake The Homesteader. Akaamua kuitengeneza mwenyewe, na ikaonyeshwa mwaka 1919.

Filamu ya kwanza ya Lincoln, The Realization of a Negro's Ambition (1916), ilikuwa ya mikanda miwili. Kisa chake ni cha James Burton, kijana aliyehitimu uhandisi katika chuo cha Tuskegee, ambaye anaiacha shamba ya baba yake na kwenda California kutafuta kazi katika visima vya mafuta. Ananyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake. Baadaye anamwokoa binti wa mwenye kampuni kutoka kwenye gari la farasi waliokimbia ovyo, ndipo anapopewa kazi ya kuongoza utafutaji wa mafuta. Humo kazini anagundua kwamba ardhi yenye mafuta inafanana na ardhi ya shamba lao. Anarudi nyumbani, anachimba na kuyapata.

Mhakiki mkali atakuwa na mengi ya kusema juu ya itikadi ya kisa hiki, na atakuwa na haki. Haki ya Burton ya kufanya kazi haitokani na cheti chake wala na sheria. Inatokana na shukrani za tajiri ambaye binti yake ameokolewa. Isitoshe, ufumbuzi wa tatizo la jamii nzima unafanywa kuwa utajiri wa mtu mmoja. Hii ni falsafa ya kujitegemea iliyohubiriwa na Booker T. Washington pale Tuskegee, na udhaifu wake ni ule ule: inamwambia mnyonge aonyeshe kwanza kwamba anastahili. Hata hivyo, muundo wa kisa una jambo ambalo itikadi hiyo hailimalizi. Burton anaanza nyumbani, anakwenda ugenini, anapata elimu ya kazi, kisha anarudi nyumbani. Ana baba. Ana shamba. Ana taaluma. Vitu hivi vitatu, ambavyo kwa mhusika yeyote wa Kizungu vingechukuliwa kuwa vya kawaida, Noble Johnson hakuwa akipewa katika sinema za waajiri wake. Wahusika wake wa kule hawakuwa na wazazi wala pa kurudi. Walitokea kichakani au nyuma ya pazia, wakatekeleza amri, wakatoweka au wakafa.

Filamu ya pili, The Trooper of Troop K, ilihusu tukio la kweli: mapigano ya Carrizal, nchini Mexico, mnamo Juni 1916, ambapo askari Weusi wa Kikosi cha 10 cha Wapanda Farasi waliuawa. Johnson aliigiza kijana mvivu, asiye na mwelekeo, ambaye anajiunga na jeshi na kuwa shujaa. Tukiweka kando uzalendo wake, ambao unaweza kuhojiwa, kuna jambo la kisanaa lililo muhimu. Mvivu Mweusi alikuwa kichekesho kilichozoeleka katika sinema ya Marekani, na kichekesho hicho kilikuwa na nguvu kwa sababu mvivu huyo hakubadilika kamwe. Lincoln ilimchukua mhusika yule yule ikampa jambo alilonyimwa, yaani wakati: akaanza vingine na kuishia vingine. Filamu ya tatu, The Law of Nature (1917), ilihusu unyumba na tamaa ya maisha ya mjini. Haikuwa na jeshi wala mafuta, na pengine hapo ndipo ujasiri wake ulipo, maana iliwaonyesha Weusi wakiwa na matatizo ya mume na mke kama watu wengine wote.

Mradi na kafiri

Waswahili husema, mtumikie kafiri upate mradi wako. Methali hii inaeleza sawasawa mpango wa Noble Johnson. Ujira alioupata katika studio za Hollywood, hususan Universal, ulisaidia kuiendesha kampuni ya Lincoln. Mchana aliigiza katika filamu za mfululizo za Universal, kama The Red Ace (1917), na matunda ya kazi hiyo yakawekwa katika filamu ambazo ndani yake aliweza kuwa mhandisi na askari.

Lakini methali hii ina sharti ambalo halitamkwi: kafiri asiujue mradi. Katika majumba ya sinema ya mitaa ya Weusi jina na sura ya Johnson vilikuwa vivutio vikubwa. Watazamaji waliokuwa wakienda kumtazama katika filamu za Universal, ambamo alikuwa msaidizi tu, sasa waliweza kwenda kumtazama katika filamu za Lincoln, ambamo alikuwa ndiye kiini cha kisa. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaacha nduguye George, Universal ilimtaka achague. Mwaka 1918 Johnson alijiuzulu katika Lincoln. Clarence Brooks akawa mwigizaji mkuu wa kampuni. Zikatengenezwa A Man's Duty (1919) na By Right of Birth (1921), na kufikia mwaka 1923 kampuni ilikuwa imekwisha kazi yake.

Hapa ndipo hukumu ya ukibaraka inapotakiwa kujieleza. Anayemlaumu Johnson kwa kuchagua ujira aonyeshe ni ujira gani mwingine uliokuwapo. Kampuni ya Lincoln haikuwa na majumba yake ya kuonyeshea filamu, wala benki, wala njia ya kuwafikia watazamaji wa Kizungu waliokuwa wengi. Nakala za filamu zilikuwa chache, na faida iliyopatikana mji mmoja ilisubiriwa ili filamu iendelee mji mwingine. Kampuni kubwa, kwa upande wake, haikuhitaji kuivunja Lincoln kwa hila. Ilitosha kummiliki mtu mmoja kwa mkataba. Somo la mwaka 1918 halihusu udhaifu wa moyo wa mtu. Linahusu uchumi wa sanaa: msanii anayegharimia uhuru wake kwa mshahara wa bwana wake amempa bwana huyo funguo za nyumba zote mbili.

Nyuso nyingi

Baada ya 1918 Johnson alikuwa mwigizaji wa kutegemewa wa sehemu za pembeni. Katika The Four Horsemen of the Apocalypse (1921) alikuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wenyewe. Katika The Ten Commandments (1923) alikuwa yule aliyeitwa Mtu wa Shaba. Katika The Thief of Bagdad (1924) alikuwa mwanamfalme wa Kihindi mwenye kuposa, na mwaka huo huo, katika The Navigator ya Buster Keaton, akawa mkuu wa wala watu.

Msomaji wa fasihi ataona jambo lingine katika orodha hii likiendelezwa. Mwaka 1922 Johnson alikuwa Friday katika filamu ya mfululizo juu ya Robinson Crusoe. Mwaka 1927 alikuwa Mjomba Tom katika Topsy and Eva, filamu iliyotokana na mchezo wa jukwaani uliotokana nao na riwaya ya Harriet Beecher Stowe. Mwaka 1930 alikuwa Queequeg katika Moby Dick. Mwaka 1935 alikuwa mkuu wa Amahagger katika She, kutokana na riwaya ya Rider Haggard, mwandishi ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Defoe, Melville, Stowe, Haggard: ni kama kwamba mtu mmoja alipewa kazi ya kuwabeba mabegani wageni wote wa rafu moja ya vitabu vya Kiingereza.

Wahusika hao wanne wanafanana kwa jambo moja, nalo ni lugha. Katika riwaya ya Defoe, Friday anafundishwa Kiingereza na Crusoe, na miongoni mwa maneno ya kwanza anayofundishwa ni kumwita mwalimu wake Bwana. Queequeg wa Melville anazungumza Kiingereza kilichovunjikavunjika. Mjomba Tom anasema lahaja iliyoandikwa na mwandishi wa Kizungu kama alivyoisikia. Amahagger wa Haggard, walioko katika bara la Afrika, wanasemekana kuzungumza aina ya Kiarabu kilichoharibika. Kila mmoja wao, yaani, ana ulimi ambao mwandishi ameupima na kuuona una upungufu. Filamu ya She iliongeza ajabu juu ya ajabu: ilikihamisha kisa chote kutoka Afrika hadi nchi za barafu za kaskazini, lakini mkuu wa washenzi akabaki Noble Johnson. Afrika yenyewe iliweza kuondolewa. Aliyewekwa kuuwakilisha ushenzi hakuweza kuondolewa.

Katika Topsy and Eva kuna kinaya cha peke yake. Topsy, mtoto mtumwa, aliigizwa na Rosetta Duncan, mwanamke wa Kizungu aliyejipaka masizi, na kando yake Tom akaigizwa na Mtu Mweusi wa kweli. Weusi wa uongo ndio uliopewa sehemu kubwa, na weusi wa kweli ukawekwa pembeni kuuthibitisha.

Sauti inapoingia

Katika sinema bubu mwigizaji yeyote alikuwa sawa na mwenzake kwa jambo moja: hakuna aliyesikika. Maneno yaliandikwa na kutiwa baina ya picha, na mwili ndio uliosema. Huenda hiyo ndiyo sababu Johnson alipata nafasi nyingi na za namna mbalimbali katika miaka hiyo. Sauti ilipoingia, mwishoni mwa miaka ya ishirini, ilitarajiwa kumfungulia kila mwigizaji mlango mpya. Kwa waigizaji Weusi mlango uliofunguliwa ulikuwa mwembamba: Kiingereza cha kuchekesha cha mtumishi wa nyumbani, ambacho kilimpa Stepin Fetchit utajiri na lawama. Johnson hakuingia mlango huo. Umbo lake lilikuwa la kutisha, si la kuchekesha, na kwa hiyo alipewa mambo mawili mengine: ububu na lugha isiyokuwapo.

Mwaka 1932 unatosha kuwa ushahidi. Katika The Mummy alikuwa Mnubi, mtumishi ambaye nia yake inatekwa na mchawi wa Kimisri, na ambaye anatii zaidi ya anavyosema. Katika Murders in the Rue Morgue alikuwa Janos, mtumishi wa daktari mwovu aliyeigizwa na Bela Lugosi, akiwa amepakwa rangi ya kumfanya Mzungu. Katika The Most Dangerous Game alipakwa weupe tena, akawa Ivan, Mkosaki wa Urusi, na bwana wake anawaeleza wageni kwamba mtu huyo ni bubu. Ni nadra katika historia ya sinema hiyo kumwona Mwigizaji Mweusi akiwa Mzungu, na wako wanaolihesabu jambo hili kuwa ushindi. Lakini yafaa kuangalia masharti ya ushindi huo. Alikubaliwa kuwa Mzungu kwa kuwa Mzungu mwenyewe hana ulimi. Lau Ivan angesema sentensi tatu, sehemu hiyo huenda angepewa mwingine.

Mandhari ya msituni ya The Most Dangerous Game yalitumiwa pia katika King Kong (1933), filamu ya Merian Cooper na Ernest Schoedsack. Katika majani yale yale ya bandia, basi, Johnson alikuwa mtumishi Mzungu katika filamu moja na mkuu Mweusi wa Kisiwa cha Fuvu katika nyingine. Kisiwa hicho kimewekwa na mtunzi katika Bahari ya Hindi, magharibi ya Sumatra, na wakazi wake wakafanywa watu wa sura ya Kiafrika bila ya maelezo yoyote. Hapo ndipo Johnson anaposikika kwa nguvu zaidi kuliko mahali pengine, na hapo ndipo suala la ulimi linapokuwa wazi kabisa.

Tazama namna anavyoingia. Ngoma inachezwa mbele ya ukuta mkubwa. Mkuu anawaona wageni, anaikatiza ngoma kwa ishara, kisha anashuka na kuwaendea taratibu. Muziki wa Max Steiner unampigia mdundo kila hatua anayoipiga. Johnson haharakishi wala hachezi na watazamaji. Uzito wa hatua zake unawafanya wale wenye bunduki waonekane wadogo, na kwa muda mfupi filamu inakuwa yake. Halafu anafungua kinywa. Maneno yanayotoka yametungwa na waandishi wa filamu, si lugha ya watu wowote. Nahodha wa meli anawaambia wenzake kwamba inafanana na ile ya wakazi wa kisiwa cha Nias, kisha anaanza kujibu na kufasiri. Mkuu anataka kutoa wanawake sita ili apewe yule mmoja wa Kizungu. Hivyo ndivyo nahodha anavyosema. Mtazamaji hana njia nyingine ya kujua. Mkuu amepewa sauti kubwa, lakini maana ya sauti hiyo inakaa mdomoni mwa mfasiri.

Wanaojishughulisha na lugha wataelewa uzito wa jambo hili kuliko watazamaji wengine. Lugha iliyotungwa kwa ajili ya mandhari tu haina methali, haina matusi, haina mzaha, haina maneno mawili ya kuchagulia kitu kimoja. Anayeisema hawezi kuificha nia yake wala kuidhihirisha, kwa kuwa hana msamiati wa nia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na ulimi wa kuazima, ambao hata mwenyewe wa asili hana, unamwacha msemaji uchi zaidi kuliko bubu. Kwamba Johnson aliweza kuonyesha heshima na mamlaka katika hali hiyo ni sifa kubwa kwa ufundi wake. Lakini ufundi huo umo katika mabega, katika macho na katika kimo cha sauti. Haumo katika neno lolote, kwa sababu hapakuwa na neno.

Pana pingamizi moja linalostahili kujibiwa. Yamkini itasemwa kwamba hali ya wakati huo haikuruhusu vingine. Jibu limo katika maisha ya mwenzake. Clarence Brooks, aliyekuwa katibu wa Lincoln, alipewa katika Arrowsmith (1931) ya John Ford sehemu ya daktari Mweusi wa visiwa vya Karibi, msomi, mwenye kusema Kiingereza sanifu na kusikilizwa na Wazungu. Sehemu hiyo ilikuwa fupi, na haikufuatwa na nyingine nyingi za namna yake, lakini ilikuwapo. Kwa hiyo ukimya wa wahusika wa Johnson haukuwa sheria ya maumbile. Ulikuwa uamuzi, uliofanywa upya kila filamu ilipoandikwa, na ulifanywa tena mwaka 1940 katika The Ghost Breakers, ambamo alikuwa maiti inayotembea.

Kinachosalia

Mwaka 1949 Johnson alikuwa Red Shirt, kiongozi wa wapiganaji katika She Wore a Yellow Ribbon ya John Ford, na mwaka 1950 alimaliza kazi yake kwa kuigiza mkuu wa wenyeji wa asili katika North of the Great Divide. Aliondoka kwa mlango ule ule alioingilia. Akaishi miaka mingine karibu 28 nje ya sinema, na akafariki Yucaipa, California, Januari 1978, akiwa na miaka 96.

Mhakiki anayetaka kumsoma leo anakabiliwa na tatizo ambalo si la itikadi, bali ni la kumbukumbu. Filamu alizoigiza kama mtumishi, mla watu, bubu na maiti zimehifadhiwa, na nyingi zaweza kutazamwa wakati wowote. Filamu tatu alizoigiza katika Lincoln zimepotea. Kilichosalia cha kampuni hiyo ni vipande vya dakika chache vya By Right of Birth, iliyotengenezwa miaka mitatu baada ya yeye kujiuzulu. Mhandisi Burton anajulikana kwa karatasi tu: barua, matangazo na vipande vya magazeti alivyovihifadhi George Johnson kwa miaka mingi, ambavyo sasa vimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Hali hii si ngeni kwa mtafiti wa tenzi, anayelazimika mara kwa mara kukadiria ukubwa wa kazi ambayo nakala yake imeliwa na mchwa na ambayo imebaki kutajwa tu katika maandishi ya wengine. Mtafiti huyo anajua kwamba kupotea kwa nakala si ushahidi wa udogo wa kazi. Kilichonakiliwa zaidi ndicho kilichosalia, na kilichonakiliwa zaidi ni kile kilichokuwa na mwenye mali wa kukinakili.

Kwa hiyo orodha ya kazi za Noble Johnson haipaswi kusomwa kana kwamba ni kamili. Anayehesabu filamu zaidi ya 100 na kuhitimisha kwamba huyu alikuwa mwigizaji wa washenzi anaihesabu mali ya studio, si kazi ya mtu. Anayehesabu mataifa aliyoyaigiza na kuhitimisha kwamba alikuwa huru kuliko wenzake anasahau kuhesabu maneno aliyopewa kuyasema. Hukumu ya haki inazisoma zile filamu tatu zisizokuwapo pamoja na hizi zilizopo, na inamtazama mkuu wa Kisiwa cha Fuvu akishuka kuwaendea wageni huku ikikumbuka kwamba mtu huyo, miaka 17 kabla ya hapo, alikuwa rais wa kampuni, na katika filamu ya kampuni hiyo alikuwa mhandisi aliyerudi kwenye shamba la baba yake.